Fundi wa Katwe

Gurudumu la kiti chake lilipinda ndegeni,
wakaniita Lugogo, nije na spana zangu za baiskeli.
Nikalinyoosha, spoki baada ya spoki,
Sasmita wa Odisha kaketi sakafuni,
raketi mapajani, akihesabu kwa Kihindi
au lugha nyingine ya kwao, sikuuliza.

Saa tisa akaingia uwanjani.
Kinyoya kikaruka wavu, kikarudi, kikaruka.
Wenzangu walitazama mkono wake.
Mimi nilitazama gurudumu.

Seti ya tatu lililia, kwii,
mara moja tu,
nami nikajiuma ulimi.

Hakushinda.
Akitoka, aligonga tairi kwa kifundo cha kidole
kama abishaye hodi kwa jirani,
akanitazama, akacheka.

Shilingi elfu nne za spoki
mpaka leo sijazidai.