Hadi Herufi ya Nne

Niliandika B, nikaandika a, n, t,
kalamu ikakimbilia u kama mbuzi aonaye zizi.
"Hapana," akasema Suhaemi, "malizia na en. Banten."
Kumbe tulifuatana hadi herufi ya nne,
hapo njia ikachepuka.

Mimi karani wa mtaa, Chang'ombe, Dodoma.
Yeye fundi wa visima, mpangaji wa Mama Mbeleje,
mwezi wa tano huu anatoboa mwamba wa Ugogo
akitafuta maji yanayojificha kama mdaiwa.

Si Mjava? "Kisiwa ndicho, mimi siye."
Si Msunda? "Jirani. Bibi mzaa mama, labda."
Akasema Kijava cha kwao Serang
wa mashariki hukiona kina mchanga mdomoni,
na kila anayesikia Banten humuuliza
kama kweli kisu hakimpasui ngozi.
"Hunipasua," akanionyesha kidole chenye plasta.

Nikacheka, kisha nikakoma.
Maana Dar, mwaka ule wa usaili,
nilitaja Ugogo, bwana mmoja akauliza
bakuli langu nimeliacha kwa nani.
Na hilo jina lenyewe, husemwa,
tulibandikwa na misafara iliyopita
ikawakuta watu wamekalia magogo.
Wapita njia! Hata hawakukaa wakanywa maji.

Jumamosi tukaenda mnadani Msalato.
Alimpapasa mbuzi mbavu kama mzaliwa wa Mpwapwa.
Jioni karafuu, mdalasini, kungumanga,
utumbo na nyama chungu kimoja;
sukari ya mnazi hakuna, akatia asali ya Manyoni.
Ni rabeg, akasema: husimuliwa kwao
sultani alionja mbuzi bandarini, safari ya Hija,
akarudi na ladha, njia nzima akiitafutia jina.
Mama Mbeleje akaleta mlenda na ugali wa uwele.
Mlenda ukamponyoka Suhaemi mara tatu, ukarudi sahanini.
"Huu sasa," akasema, "ndio usiopasuliwa na kisu."

Jumatatu mtendaji alipitia daftari.
Akatoa kalamu nyekundu, akakata en,
akaweka u, nadhifu, kama anayemfunga mtoto kifungo.
Alipotoka kwenda chai
nikairudisha.
Vidole bado vilinukia karafuu,
na ukurasa ule, ukiushika, umeingia mafuta kidogo.