Tairi la Ishirini na Saba

Baridi ya Oruro haina adabu:
huingia karakanani bila hodi,
hukaa juu ya gundi, hukaa kwenye vidole,
huinywa chai yetu kabla yetu.
Shangazi Saturnina aliwasha tanuri saa kumi alfajiri
na kuliambia, kama anayembembeleza punda,
haya, leo tena.

Kazi yetu ilikuwa kuvisha.
Tairi lililokwisha meno, kipara kama goti,
tulilikwangua, tukalipaka, tukalivika mpira mpya,
tukalioka mpaka hata mkate wa nyumbani ukanuka kazi.
Mabasi yalishuka nayo mabondeni
kwa barabara ambazo upande mmoja ni mwamba
na upande wa pili hakuna upande.

Mwaka wa kwanza tuliuza tisa.
Mwaka wa pili mwenye nyumba alichukua mashine ya upepo,
tukajaza kwa mguu hadi nyonga zikalia.
Benki wakamwambia, Mama, mwanamke na matairi?
Akajibu: Barabara haijaniuliza.
Akarudi. Mara ya nne karani alimjua kwa mlio wa viatu.
Mara ya saba walimpa, nadhani kwa kuchoka.

Subira yake haikuwa ile ya methali,
inayokaa kitako na kuivuta heri kwa kamba.
Yake ilikuwa na masizi kwenye kucha,
ilitukana, ililia chooni,
ikarudi kazini imenawa uso.

Kisha ikaja gundi ya bei nafuu.
Sifichi: mimi ndiye niliyeinunua,
madebe mawili, tarehe imefutika,
nikapiga mluzi njia nzima kwa kujiona mjanja.
Tairi moja likarudi limeachama mdomo,
mpira umebanduka upana wa dole gumba.
Shangazi akaingiza kidole mle. Akakitoa. Akakinusa.
Hakuniuliza kitu. Hilo ndilo lililoniuma.

Mengine thelathini na moja yalikuwa njiani.
Nikasema: Shangazi, nyamaza, hakuna aliyeanguka.
Nikasema: Deni la benki.
Nikasema: Kila mtu hufanya hivi.
Akavaa kofia yake nyeusi ya sikukuu,
akachukua daftari na bahasha ya marejesho ya mwezi,
akaenda kituo cha mabasi kama aendaye mazishini.

Siku kumi na nane alipiga magoti kwenye lami
akisoma nambari chini ya tope,
akiwaambia madereva, mbele ya abiria wao:
Nilikuuzia kitu kibovu. Pesa zako hizi hapa.
Fermín Ajhuacho alicheka mpaka akakohoa.
Mwingine alimtukana, akazipokea, akatukana tena.
Bi Zenobia Llanque, mwenye lori la viazi,
alizirudisha noti: Nivishie jingine. Nitangoja.

Tulikula viazi vikavu miezi mitano.
Niliuza pikipiki yangu;
hakuniomba, wala hakunishukuru.

Watu hupenda nimalizie hapa,
wateja wamepanga foleni hadi kona.
Walirudi, ndiyo, wawili, watatu,
kama hisia inavyorudi kwenye vidole vilivyokufa ganzi:
ikiuma.
Wengine walihamia kwa jirani
anayenunua gundi palepale niliponunua mimi,
na jirani huyo ana gari jipya.
Nitasemaje? Analo.

Alipata matairi thelathini.
La ishirini na saba halikuonekana:
basi liliuzwa, dereva akavuka mpaka kwenda Chile,
na kwenye daftari mstari mmoja ulibaki bila alama.

Shangazi hayupo sasa. Juu ya tanuri
kuna kopo la maziwa lenye bei ya tairi moja;
kila mwaka bei ikipanda, naongeza kilichopungua.
Alfajiri nalitikisa, nisikie kama limo.
Na basi lolote likisimama nje,
chai ingali mkononi, salamu ingali mdomoni,
nainama kwanza
kusoma nambari.