Daraja la Asubuhi

Walinitoa mtoto wa jicho Jumanne.
Jumatano wakabandua bandeji, nikaona maziwa.
Si giza. Giza nalijua,
umeme hukatika Ngamiani bila kuaga.
Hii ilikuwa nyeupe,
kama tui la kwanza limemwagikia kioo
na kioo ni mimi.

Miaka ishirini na saba nilipanga katani kwa macho:
singa nyeupe daraja la kwanza,
yenye umanjano la pili,
yenye madoa, weka kule.
Msimamizi alileta mashine ya kupimia weupe.
Ikakosea. Akaniita.

Daktari Shekigenda alikuja mwenyewe nyumbani,
akakaa kwenye kigoda, chai hakuigusa.
Bi Mwanakombo, akasema, kisu hakikukosea.
Ni dawa. Ile tuliyoitia ndani kuzuia usaha
imeunguza utando wa nyuma wa konea.
Nikamuuliza, utaota tena?
Akasema chembe zile mtu huzaliwa nazo kwa hesabu,
hazizai.
Nikamwambia, basi tumefanana, hata mimi sikuzaa;
na mtoto pekee niliyempata
mmenitoa nyinyi.
Alichelewa kucheka.

Sasa natia matone ya chumvi, mara sita kwa siku.
Yanawasha, lakini ndiyo yanayofyonza maji.
Saa mbili asubuhi nashika ukuta
hadi saluni ya Bahija, barabara ya kumi na tatu,
anipulizie jichoni ule upepo wa kukaushia nywele,
umbali wa mkono mmoja, kama nilivyoelekezwa.
Wasichana wenye rola kichwani wananong'ona:
bibi na kilemba chake anakausha nini?

Wanasema macho hayana pazia.
Langu linalo. Hulishusha usiku sijui nani,
hupanda kidogokidogo:
kwanza mlango,
kisha rangi ya mlango,
saa sita, kitasa.
Magharibi taa ya barabarani huvaa pete,
buluu, kijani, nyekundu.
Nzuri. Sikuiomba.

Simlaumu daktari.
Kuna usiku namlaumu.
Kichupa kilikuwa na karatasi, karatasi ina herufi,
herufi ndogo za kutaka macho yangu ya zamani,
nami nilikuwa nimelala chali chini ya taa yao,
nikiambiwa, usitikisike, mama.
Sikutikisika.

Leo, daraja la pili.
Jana, weka kule.
Kesho bado sijaishika mkononi.