Siku ya Kumi na Moja

Nodari, leo umemfokea mteja
kwa sarafu moja tu.
Si wewe; ni arosto inatafuta mlango wa kurudia.

Mkono bado unapapasa mfuko wa shati
pakiti ilimolala miaka ishirini na sita.
Upe kazi: ukande unga, umenye alizeti.
Hamu ikija haikai zaidi ya mkate tanurini:
unaubandika, unahesabu, unaubandua,
na bado umesimama.

Umepanda ngazi za Kutaisi ukikohoa.
Kohoa tu. Nyumba inafagiliwa.

Labda kesho utaanguka.
Tutaanza upya, siku ya kwanza, mimi nawe,
theluji ikiwa bado haijazolewa.

Ila asubuhi hii, nilipofungua duka,
uliniuliza ghafla:
"Huu mkate, siku zote hunukia hivi?"