Wakili wa Bure

Kazi yangu ni kuandika. Hukumu hutoa wengine.
Naketi pembeni, chini ya saa iliyo mbele kwa dakika nne,
na kila lisemwalo mbele ya jopo la nidhamu la mawakili
hupita vidoleni mwangu kwanza.

Mji wetu unaitwa Łódź, yaani mashua,
na bahari hatuioni hata kwa darubini.
Tulikuwa na viwanda vya nguo. Yamebaki madohani,
na wamebaki watu kama Bronisława Kędziorek,
mshona kola kwa miaka thelathini na mmoja,
hadi mashine ilipomla gumba la mkono wa kulia
na mwajiri akasema: kidole chake, uzembe wake.

Kesi ya kwanza alishindwa.
Hana senti, basi mahakama ikampa wakili wa bure
wa kukata rufaa.
Litazame neno hilo, bure,
linavyovaa kotileo kwa nje na matambara kwa ndani.
Majirani walimwambia ngazini:
mkono mtupu haulambwi, mama. Usitarajie.

Siku kumi na nne. Ndizo sheria inazotoa.
Halszka Wojnar, wakili, aliitia hukumu
katika faili la mtu mwingine,
akaiona siku ya kumi na tano, saa mbili asubuhi,
chai ikiwa bado inafuka.

Angeweza kunyamaza.
Nani angejua? Bibi wa ghorofa ya nne,
asiyezijua tarehe za mahakama,
angeambiwa "tumeshindwa tena", angeitikia kwa kichwa,
angemshukuru hata.

Jioni ile alipanda tramu, akapanda ngazi,
akasimama jikoni na koti lake lenye theluji.
"Nimechelewa siku moja. Rufaa imekufa.
Aliyeiua ni mimi."
Kisha akatoa karatasi mkobani:
"Na hii ndiyo fomu ya kunishtaki."

Bronisława hakulia. Alizima jiko.
Akauinua mkono wake wa vidole vinne:
"Kalamu hainishiki. Andika wewe."
Wakaketi, mmoja akisema, mmoja akiandika.
"Weka hapo: mzembe."
Akaweka.
"Usilainishe."
Hakulainisha.

Leo mwenyekiti, Bwana Zbrożek, anainua fomu ile
kama mtu aliyekuta unywele kwenye supu.
"Mwandiko huu ni wako, wakili?"
"Mwandiko wangu. Maneno yake."
Kimya. Hata mimi vidole viliganda.

Mtetezi wake anasimama, anataja mafaili sitini na mawili,
anataja malipo ya serikali, yasiyofikia hata nauli.
Kweli tupu; nimeiandika yote.
Mwenyekiti anavua miwani:
"Hayo tutayaandikia wizara, na kwa ukali.
Lakini mama huyu hakuazima nusu ya wakili.
Angelipa dhahabu, tungehesabu siku ngapi?"
Hakuna aliyejibu. Kumi na nne ni kumi na nne.

Karipio la maandishi, likae katika rekodi yake.
Fidia ni ya bima, na bima imekwishaanza kusumbua,
inataka stakabadhi ya kidole.

Kabla ya kufunga, wakamuuliza mlalamikaji
kama ana la kuongeza.
Alikuwa akiangalia joho jeusi la wakili,
si uso, wala kile kitambaa cha kijani shingoni.
"Pindo limefumuka," akasema, "pale kushoto.
Saa nzima linaniumiza macho.
Aje nalo Alhamisi. Uzi ninao."
Akageuka kwangu: "Andika na hilo."

Mwenyekiti alifungua kinywa, akakifunga.
Nami nikaandika,
kwa kuwa lilisemwa mbele ya jopo,
saa sita na dakika tisa kwa saa ya ukutani,
yaani saa sita na dakika tano.