Siki

Juni, Matamba. Usiku sakitu imeuma viazi.
Asubuhi majani ni meusi kama yaliyopita jikoni,
na mimi, badala ya kwenda kuhesabu hasara,
nimevaa gauni la kanisani,
nimekaa kwenye benchi la zahanati,
namba kumi na saba, kwenye kipande cha boksi la glavu.

Sikuja kwa ushujaa.
Nimekuja kwa sababu ya Melania.

Dada yangu alianza na tone moja.
Hedhi ilikuwa imemkoma mwaka wa sita,
akaona tone kwenye kitenge, akacheka:
"Ujana umepita kunisalimia."
Kisha ikawa kila mumewe akimgusa, damu.
Kisha uchafu wenye harufu. Akawa anafua usiku,
anaanika nyuma ya banda la nguruwe
ambako hakuna wa kuuliza.
Kiuno kikauma, akasema ni magunia.
Sote tulisema ni magunia.
Nani huku hajabeba lumbesa?

Mtu wa mizizi alisema ni kijicho cha wifi.
Tukamnunia wifi mwaka mzima,
wifi wa watu, hana hili wala lile.

Ikonda wakatutuma Mbeya, Mbeya wakatutuma Dar,
kwenye mionzi. Shamba la pareto likawa nauli.
Mionzi ilimkausha damu,
ikampa miezi kumi na minne
ya kuota jua bila kufua usiku.
Si haba. Ila tulikuwa tumechelewa,
na daktari alilisema hilo akitazama dirisha.

"Kumi na saba!"

Nesi Tweve hana maneno mengi.
"Ni kirusi. Wengi tumewahi kukibeba bila kujua,
na mara nyingi mwili wenyewe hukifukuza.
Kikigoma kutoka, hukaa miaka, kumi, hata zaidi,
kinaigeuza shingo ya kizazi taratibu.
Huumwi. Huoni kitu.
Hapo ndipo nataka nikukute."

Pazia. Kitanda. Chuma cha baridi, kisha pamba.
"Hiyo ni nini?"
"Siki."
"Siki hii ya kachumbari?"
"Ndugu yake. Tulia dakika moja."

Nikahesabu misumari ya bati. Nilifika arobaini.

"Kuna weupe," akasema.
Akanionyesha picha kwenye simu:
mduara wa waridi, na ukingoni doa,
jeupe kama sakitu juu ya jani alfajiri.
Weupe huo naujua. Huwa nausubiri uwe mweusi.
"Ni kansa?"
"Bado. Ilikuwa njiani. Tunaigandisha leo leo."

Mtungi ukapumua. Baridi ikaniingia
mahali ambapo baridi ya Makete haijawahi kufika.
Dakika tatu, pumziko, tatu tena.
Nikawaza viazi vyangu, nikaanza kutikisika;
nesi akadhani nalia, akanishika goti.
Sijui nilikuwa nafanya kipi.

"Maji yatakutoka wiki kadhaa, usiogope.
Na mzee akusubiri wiki sita. Nimwambie mimi?"
"Nitamwambia. Anajua shamba hulazwa."
"Mwakani urudi nikutazame."

Nyumbani nimemkuta Atukuzwe, darasa la tano,
anaonyesha bega kama medali:
wamechomwa chanjo shuleni, hakulia,
aliyelia ni Yusta.
Jirani akaninong'oneza juu ya ua
kwamba sindano ile inafunga kizazi.
Nikamwambia, kinachofunga nimekiona.
Nilikirushia udongo kwa mkono huu.

Jioni nimepita kwa wifi.
Msamaha sijauomba, ulimi ulikuwa mzito.
Nimemwachia debe la viazi vilivyopona,
nikamwambia Alhamisi nesi yupo,
aje mapema, foleni ni ndefu,
na avae gauni pana.