Jani la Sale

Machame, mwezi wa nne, mvua haijakatika.
Mfongo umefurika hadi kwenye migomba,
hadi pale tulipomlaza Eliapenda,
miaka tisa, jina la babu yake.

Watu wa jumuiya walisema kazi ya Mungu haina makosa.
Niliwamiminia chai. Sikujibu.
Mchungaji Nderingo alikaa tu, kofia magotini,
hakuniambia neno; huyo nilimshukuru.

Kwetu, aliyekukosea akija na jani la sale
huwezi kumfukuza. Hata kama ni damu.
Basi usiku nilitoka barazani nikangoja.
Sioni haya kumtaja niliyemngoja:
nilimngoja Mwenyezi aje nalo mkononi, aseme
kwa nini homa ya siku tatu, kwa nini yeye.

Ilikuja mvua tu.

Asubuhi ng'ombe alilia njaa. Nikachukua panga,
nikashuka kukata majani, nikazibua mfongo
maji yaende kwa Mama Ndeshi, maana zamu ilikuwa yake.
Pale mpakani mkono wangu wenyewe ukakata sale.
Nikasimama topeni, miguu mitupu,
mimi niliyedai, ndimi niliyelibeba.

Sijaelewa, Bwana. Naomba usinifundishe leo.
Nimelichomeka kichwani mwa kaburi.
Lipokee, au liache hapo linyeshewe.
Nami narudi juu. Ng'ombe hajala.